Vifua vya Kuku wa Kamenu

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini yule aliyevamia kibanda cha Nduku Jumamosi ile hakuwa na kamba wala adabu. Alichomoka upande wa wauza kuku, akarukia meza ya muuza vitunguu, akapita juu ya cherehani mbili na kutua katikati ya gauni jeupe la bi harusi lililotandazwa likisubiri lesi. Soko la Jamhuri mjini Thika lilikuwa limefurika, na watu walicheka mpaka wengine wakaweka mizigo chini. Nduku hakucheka. Mwenye gauni alikuwa aje saa nane, na saa sita ilikuwa imeshapita.

Nyuma ya kuku alikuja mwanamume mrefu aliyevaa koti la kijivu kama la mwalimu wa kemia, penseli sikioni, mkononi ameshika chuma cha kupimia chenye meno mawili. Alikuwa akihema. Aliomba msamaha kwa Kiswahili cha kanda ya ziwa, kizito na cha taratibu, na macho yake hayakujua yamtazame kuku, gauni au mwenye gauni.

Nduku alikuwa amemkamata kuku kwa mabawa. "Ni wako?"

"Hapana, dada. Nilikuwa nampima tu."

"Unampimia nini, nguo ya harusi?"

Hapo ndipo soko lilipoangua kicheko cha pili, na yule bwana naye akacheka, tena kwa moyo wote, jambo lililompendeza Nduku ingawa hakutaka kupendezwa. Alisema anaitwa Calvince Owino, anaishi Kimbo kule Ruiru, na anasomea shahada ya pili chuoni. Kazi yake ni umbo la kuku wa kienyeji. Anapima mdomo, mguu, bawa na mzunguko wa kifua, kuku baada ya kuku, ajue kama kuku wa Thika na kuku wa Ruiru ni umbo moja au kila mahali pamewafinyanga wake.

Nduku alimwambia hayo mafundi wa nguo wanayajua bila kwenda chuo. Mama aliyebeba mtungi upande mmoja miaka kumi, bega lake limeshuka. Dereva ana tumbo lake na karani ana lake. Hakuna mabega mawili sawa mjini Thika, na anayedhani yapo hajawahi kushona koti.

"Wewe mwenyewe," alisema, "bega lako la kulia limeshuka inchi nzima. Aliyekushonea hilo shati hakuangalia."

Calvince aligusa bega lake kama mtu aliyeambiwa ana homa.

Mimi msimulizi siamini mapenzi ya kuonana mara moja, lakini shati naliamini. Jumatatu alileta lile shati lirekebishwe. Jumatano alileta suruali isiyokuwa na kasoro yoyote. Wiki iliyofuata, nguo zilipomwishia, alileta pazia. Tangu Kimbo mpaka Thika kuna mafundi wangapi wa kukunja pindo la pazia? Nduku alimwambia wazi kwamba pazia lake halina neno, na kama amekuja kumwona yeye basi avute stuli akae. Akavuta stuli akakaa.

Nduku alikuwa na miaka ishirini na tisa, mweusi wa kung'aa, mwenye mazoea ya kuvaa vitenge alivyojishonea mwenyewe vikamkaa kama ngozi. Kabla ya hapo aliishi miaka mitatu na mwanamume aliyekuwa akiahidi kupeleka mbuzi Matuu, kwao Nduku, na mbuzi hawakufika. Kwa Wakamba mbuzi hao huitwa ntheo. Ni watatu tu, lakini bila hao msichana hajaposwa, hata akimzalia mtu watoto saba. Bwana huyo aliondoka siku moja na godoro. Baba yake Nduku alisema mwingine atakayekuja mikono mitupu asije kabisa. Kwa hiyo msione Nduku alikuwa akimtania Calvince, mkadhani anacheza. Alikuwa anaogopa.

Lakini simu zake. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kila jioni akishuka stegini Kimbo alipiga.

"Umekula, jaber?" Hilo neno kwao ni mrembo.

"Nimekula. Na wewe Bwana Kuku?"

"Mimi nakula nikikusikia."

"Basi utakonda."

Shida ya Calvince ilikuwa Kamenu. Ruiru alimaliza vizuri. Alipima kuku mia moja na arobaini kuanzia ploti za Kimbo hadi nyuma ya kuta za mtaa wa Membley, yeye akipima na mwanafunzi mwenzake, Mwas, akiandika. Kamenu, mtaa wa Thika alikokaa Nduku na ambako alihitaji kuku wengine idadi hiyo hiyo, wanawake walimfungia mageti. Mtu mgeni mwenye daftari ni wa kaunti au ni mwizi. Tabby, jirani ya Nduku, mjane mwenye sauti ya kuita mtu akiwa ng'ambo ya mto, alimwambia kuku akishikwa na mwanamume asiyemjua anaacha kutaga.

Nduku ndiye aliyefungua mageti hayo. Nusu ya wanawake wa Kamenu walivaa sare za kanisa alizoshona yeye. Alibisha hodi, akasalimia, akaulizia watoto, kisha akaingia bandani mwenyewe. Na kwa kuwa kuku walitulia mikononi mwake na kumdonoa Calvince, ilikubalika bila mjadala kwamba Nduku apime, Calvince aandike. Alimfundisha kutumia kile chuma kwa mdomo na mguu. Tepu ya kupimia kifua hakumfundisha. Nani atamfundisha fundi wa nguo kushika tepu?

Jumamosi sita walizunguka hivyo. Mikono ya Nduku ilijaa mikwaruzo, kitenge chake kikanuka banda, na yeye akaimba. Nyuma ya nyumba ya Tabby alimshika kuku mmoja mwekundu, akamzungushia tepu kifuani, akageuka akamwuliza Calvince kama ameandika au anaota. Calvince akampiga picha. Alisema hiyo ndiyo itakayokuwa picha nzuri kuliko zote katika kitabu chake.

Alhamisi moja mwezi wa Septemba alikuja kibandani bila kupiga simu. Alifungua laptopu juu ya vitambaa na kumwonyesha nukta, buluu upande mmoja na nyekundu upande mwingine, kama kwaya mbili zilizonuniana. Buluu ni Ruiru, nyekundu ni Kamenu. Midomo sawa, miguu sawa, mabawa sawa. Lakini vifua vya kuku wa Kamenu ni vipana, karibu kila kuku, kwa sentimita moja na nusu. Hilo lilikuwa umbo la peke yake, ambalo hakuna aliyewahi kuliandika. Nduku alimshika Calvince shingo akambusu mbele ya wauza vitunguu.

Mambo yakaenda mbio. Msimamizi wake chuoni, Daktari Ngigi, mzee mkali asiyesifu mtu, alimsifu. Shirika moja la ufugaji lilitangaza kwamba kuku wa Kamenu ndio watakuwa wazazi wa mbegu mpya, na wenye kuku wakaambiwa waondoe majogoo wa kutoka nje wasije wakachanganya mbegu. Tabby aliwauza majogoo wake wawili wakubwa aliowapenda kama watoto. Kisha ikaja habari ya nafasi ya shahada ya uzamifu kule Uholanzi. Ilibaki barua tu, na barua ingekuja tasnifu ikikubaliwa.

"Tutaenda wote," Calvince alisema. "Lakini kwanza Matuu. Jumamosi ya pili ya Desemba nitakuwa kwa baba yako na mbuzi wangu watatu, na wazee wangu kutoka kwetu Ugunja."

Nduku aligeuza uso kwenye cherehani asionekane. Siku hiyo hakushona chochote kilichonyooka.

Siku ya Calvince kusimama mbele ya jopo la walimu, Nduku alifunga kibanda. Alivaa gauni la rangi ya zambarau lenye mikono mipana, akasuka nywele kwa mistari myembamba, akajipaka marashi kidogo sana. Aliketi safu ya nyuma. Calvince alikuwa ndani ya koti alilomshonea yeye, mabega yake yakiwa sawasawa kwa mara ya kwanza maishani mwake, na alizungumza vizuri. Nduku hakuelewa nusu yake ila alielewa watu waliotikisa vichwa.

Ndipo picha ikatokea ukutani. Kuku mwekundu wa Tabby, mkubwa kama ng'ombe, na mkono wa Nduku ukiwa umeshika tepu. Uso haukuonekana, mkono tu, na kovu lake la pasi juu ya kidole gumba. Moyo wake ulijaa. Alitaka kumgusa mwanamke aliyekaa jirani amwambie.

Mwalimu mmoja wa jopo, mwanamke mwenye miwani, aliinua kalamu. Alisema tasnifu inaandika kwamba vipimo vyote vilichukuliwa na mtafiti mmoja. Je, ni kweli? Maana mikono miwili haipimi sawa.

"Ni kweli, Profesa," Calvince alijibu. "Nilipima mwenyewe."

"Na huo mkono ni wa nani?"

Calvince alitazama ukutani. Hakutazama nyuma ya ukumbi.

"Ni mama mmoja wa mtaani," alisema. "Alikuwa anamshika kuku tu."

Watu wakaandika. Nduku alibaki akiutazama ule mkono ukutani kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Mama mmoja wa mtaani. Na kwa kuutazama hivyo, kama mkono wa mtu mwingine, aliona kitu ambacho hangekiona vinginevyo. Kidole chake cha shahada kilikuwa chini ya tepu, kati ya tepu na manyoya ya kuku.

Fundi yeyote anafanya hivyo. Ukimzungushia mtu tepu kifuani unapitisha kidole ndani, ili nguo isimbane akivuta pumzi. Nduku alifundishwa hivyo akiwa na miaka kumi na saba, na tangu hapo hajawahi kupima kiumbe mwenye kifua bila kumwachia nafasi ya kupumua. Kuku mia moja na arobaini wa Kamenu, na kila mmoja amempimia kidole. Kule Ruiru, Calvince alikuwa amebana tepu mpaka kwenye mwili.

Alitoka kabla ya chai.

Calvince alipiga simu mara kumi na moja siku hiyo. Nduku aliiacha ilie. Siku ya pili alituma ujumbe kwamba jopo limekubali, kwamba anampenda, kwamba ile sentensi ya mtafiti mmoja aliinakili tu kutoka tasnifu za wengine, kila mtu huiandika, na angeikana pale angefukuzwa. Siku ya tatu ilikuwa Jumatano. Alikuja mwenyewe hadi Kamenu na kusimama mlangoni akiwa na macho mekundu.

"Umenikasirikia," alisema.

"Umesema mimi ni mama wa mtaani."

"Niliogopa, Nduku. Nilikuwa nasikia barua ya Uholanzi ikiondoka. Nipige, nitusi, lakini usininyamazie."

Nduku alimtazama sana. Alikuwa na hasira ya kweli, lakini mtu unayempenda akisimama mlangoni kwako kama mtoto aliyevunja kikombe, hasira inatafuta pa kukaa inakosa. Alimvuta ndani. Alilia kidogo, naye Calvince akalia, wakasameheana. Hapo mtu mwenye akili ya dunia angekomea. Nduku hakuweza. Alimwambia habari ya kidole.

Mwanzoni Calvince hakuelewa. Kisha alielewa, na Nduku aliona uso wake ukipauka. Walikwenda nyuma kwa Tabby wakawapima kuku kumi. Kwanza yeye, kisha Nduku kwa mkono wake wa siku zote, kisha Nduku bila kidole. Calvince aliandika, akatazama alichoandika, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kidole kikiwepo, kuku walikuwa wa umbo la peke yake. Kidole kikitoka, walikuwa kuku kama wa Kimbo, kama wa Membley, kama wa popote.

"Kwa hiyo nimeandika kitabu kizima juu ya kidole chako," alisema. Alicheka kicheko kibaya.

"Tutamwambia Daktari. Tutapima upya. Mimi nitakushikia tena wote."

"Sentimita moja na nusu tu, Nduku. Nani atakayejua?"

"Tabby aliuza majogoo wake."

Calvince alimweleza habari za mama yake Ugunja, aliyeuza shamba la chini ili yeye asome, na wadogo zake wawili wanaomngoja yeye ainuke ndipo nao wainuke. Nduku alisikiliza yote, na yote yalikuwa kweli. Mwishowe Calvince alimshika mikono, ile ile yenye mikwaruzo, akasema Jumapili waende pamoja Membley, nyumbani kwa Daktari Ngigi, na atasema mwenyewe kwa kinywa chake. Nduku alilala usingizi mzuri siku hizo zote. Aliona ameponyoka.

Jumapili baada ya kanisa walipita geti la Membley, wakaandikishwa na mlinzi, wakaenda katikati ya nyumba zinazofanana zenye nyasi zilizokatwa. Mke wa Daktari, Beth, aliwakaribisha kwa chai na mandazi. Calvince alimtambulisha Nduku kuwa mchumba wake, fundi wa nguo pale Thika. Ilikuwa kweli, na Nduku aliungoja ukweli uliobaki.

Daktari Ngigi alitoka chumbani akiwa na bahasha. Barua ilikuwa imefika. Alimkabidhi Calvince kwa mikono miwili, na mzee huyo asiyecheka akacheka. Calvince aliisoma barua mara mbili. Aliikunja polepole akaiweka mfuko wa ndani wa koti.

Nduku alingoja. Alingoja kikombe cha kwanza na cha pili. Alingoja Daktari akisimulia habari za mbwa wa jirani, na Beth akimwuliza bei ya kushona suti ya kike. Kila mara Calvince alipofungua mdomo Nduku aliacha kutafuna, na kila mara yalitoka maneno mengine. Hatimaye mzee alisimama kuwasindikiza.

"Haya, kama hakuna jingine."

"Hakuna, Daktari," Calvince alisema.

Nduku hakusimama. Moyoni aliona wazi wale mbuzi watatu, uso wa baba yake, na miaka yake ishirini na tisa. Alijua akinyanyuka kimya atavipata vyote.

"Lipo," alisema. "Ule mkono kwenye picha ni wangu, Daktari. Mimi ndiye niliyepima kuku wa Kamenu, na nilipima vibaya."

Alitoa tepu kwenye mkoba, akaomba mkono wa mzee, akaupima mara mbili, na kidole na bila kidole. Hakuhitaji kueleza zaidi. Daktari Ngigi alivua miwani akakaa chini. Alimwuliza Calvince kama alijua. Calvince alisema alijua tangu Jumatano. Mzee hakufoka. Alisema barua itarudishwa na maelezo, vipimo vya Kamenu vitachukuliwa upya na mkono mmoja, na yeye ataliomba jopo lisimfukuze. Beth alikusanya vikombe ambavyo havijaisha chai.

Nje Calvince alitembea mbele mpaka getini.

"Ungenipa mpaka kesho," alisema bila kugeuka.

"Ulisema hakuna."

"Ungenipa mpaka kesho, Nduku."

Alipima upya mwezi wa Novemba, yeye na Mwas. Wanawake walimfungulia mageti safari hii, maana walikuwa wameshamzoea. Nduku alikuwa akiwaona wakipita mlangoni kwake na daftari. Mwas aliinua mkono kusalimia. Calvince aliinamisha kichwa, kama unavyompita mtu wa msibani. Vipimo vilitoka kama vya wale kuku kumi wa Tabby bila kidole. Shirika likaaga likaenda zake.

Na mtaa ukamgeukia Nduku. Kuku wao walikuwa kuku wa kuandikwa vitabuni, yeye akawafanya kuku wa kuchemsha. Sare za kanisa zilihamia kwa fundi mwingine. Tabby, ambaye Nduku alidhani angalau yeye atamshukuru, alimwita juu ya ua akamwuliza swali moja.

"Ungenyamaza, ungepungukiwa na nini?"

Nduku alimwomba msamaha kwa ajili ya majogoo. Tabby alisema majogoo si hoja, majogoo hufa. Alisema alikuwa amempigia dada yake simu kule Murang'a kumweleza kuhusu kuku wake. Sasa amwambie nini?

Kupiga simu Kimbo Nduku alijaribu mara nne. Mara ya kwanza Calvince alisema yuko kazini. Mara ya pili alisema atapiga yeye. Mbili zilizobaki hazikupokewa. Hakuna aliyesema Matuu imevunjika, na kwa sababu hakuna aliyesema, Nduku aliendelea kushona gauni la siku hiyo, kitenge cha kijani chenye mkanda, jioni moja hadi nyingine.

Alhamisi, siku mbili kabla ya ile Jumamosi ya Matuu, Calvince alikuja sokoni. Alikuwa amekonda. Alisimama nje ya kibanda, hakuvuta stuli, akaweka tasnifu iliyojalidiwa juu ya meza. Alisema imepita. Inasema kuku wa Thika na wa Ruiru ni umbo moja, na hakuna mtu atakayeisoma. Uholanzi alikwenda mwingine. Yeye anaanza kufundisha sekondari moja karibu na kwao mwezi wa Januari.

"Nimeandika jina lako," alisema. "Ukurasa wa arobaini na mbili. Kwamba vipimo vya kwanza vilikuwa vyako, na kwamba ni wewe uliyegundua kosa."

"Asante."

"Ulikuwa sawa, Nduku. Nilitaka nikwambie hivyo uso kwa uso."

Nduku aliweka mkasi chini. Kulikuwa na swali moja tu lililomkaa kooni tangu Membley, na aliona kama hataliuliza sasa litamla.

"Ningenyamaza siku ile, ungenioa?"

"Ningekuoa. Jumamosi hii ningekuwa Matuu."

"Na ungenipenda?"

Calvince alifikiri. Safari hii hakudanganya, na Nduku alitamani angalau hapo angedanganya.

"Ningekuogopa," alisema. "Kila asubuhi nikiamka ningeuona mkono wako juu ya mto wa kulalia, na ningejua kwamba unajua."

"Na sasa?"

"Sasa sikuogopi. Lakini nikikuona naiona ile barua. Nimejaribu, jaber. Wallahi nimejaribu."

Alimpa mkono kama mtu anayeagana na mfanyakazi mwenzake. Nduku aliupokea, akaushika kidogo kupita kiasi, akauachia. Calvince aliingia katikati ya watu upande wa wauza kuku, na koti lake lilionekana muda mrefu kwa sababu alikuwa mrefu, kisha halikuonekana.

Nduku alifunika cherehani. Halafu akapiga simu Matuu. Mama yake alipokea akiwa na haraka, nyuma yake kelele za shangazi na sufuria zilizoazimwa kanisani. Alitaka kujua wageni wa Ugunja wanakula pilipili au hawali, na kama mbuzi watafika Ijumaa au watakuja nao Jumamosi.

"Hawaji, mwaitu," Nduku alimwambia mama yake.

"Wamebadilisha siku?"

"Siku ni hiyo hiyo. Wao ndio hawaji. Hatakuja tena."

Kelele za nyuma zilipungua, kana kwamba mtu amefunga mlango wa jikoni. Mama yake aliuliza kwa sauti ya chini kama kijana yule amempiga. Hakumpiga. Kama amepata mwingine. Hapana. Kama basi ni Nduku ndiye aliyemkosea, na kama amemkosea aseme, wazee wapo, mambo huombewa msamaha.

"Ulimdanganya?"

"Hapana, mwaitu. Nilisema ukweli."

Mama yake alijaribu kulielewa hilo.

"Basi unalia nini?" aliuliza.